Unaomba koneksheni? Hadubini unaijua?

Juzi dogo mmoja wa chuo kaniandikia inbox, "kaka naomba koneksheni niingie kwenye tafiti za chanjo ya malaria, nasikia Bagamoyo kuna hela." Hata salamu hakuna. Ngoja nijibu hapa hapa maana mko wengi.

Mimi nilianzia matende na mabusha huku Tanga. Kazi ya usiku ile, maana ugonjwa ule ni wa minyoo wanaoenezwa na mbu, na wale minyoo wachanga mchana wanajificha kwenye mishipa ya mapafu, wanatoka kwenye damu ya juu juu kuanzia saa nne usiku hivi, muda mbu wao wanauma. Sasa wewe mgeni, tochi kichwani, unapiga hodi usiku wa manane kijijini Pangani unataka damu ya mtu. Mumiani huyo! Mzee mmoja aliziba mlango kwa mguu akaniuliza, "Hiyo damu mchana inakuwa na kazi gani?" Nikamweleza yote, akamwita mkewe naye asikie, ndo akanyoosha kidole. Chuo gani wanafundisha hiyo? Asubuhi niko na slaidi za damu, Giemsa, ile rangi ya kupakia slaidi, imenigeuza vidole zambarau, mabosi wamelala.

Pepa ya utafiti ule ilipotoka jina langu halimo, hata kwenye shukrani. Nilisema sijali. Najali mpaka leo. Ila mwezi huu nyingine imekubaliwa na mimi ni jina la pili, kwa hiyo waliokuwa wananiita "kijana wa slaidi" wasome taratibu.

Ushauri sasa. Jua hadubini. Halafu ujue ugonjwa wenyewe, sio jina la chanjo tu. Dawa za Mectizan na albendazo tulizokuwa tunagawa zinamaliza minyoo wachanga, wakubwa wengi wanabaki wanazaa tena, ndo maana lazima watu wameze kila mwaka. Dokisisaiklini inawapata wakubwa kwa kuua bakteria wanaoishi ndani yao, lakini ni kumeza kila siku wiki nne mpaka sita, nani atamaliza? Hapo pana kazi ya maisha mazima na hakuna foleni. Nyie wote malaria tu, na hata RTS,S, chanjo ya malaria yenyewe, jaribio lake kubwa la mwisho lilianza Bagamoyo na Korogwe 2009, WHO wakaipendekeza 2021. Hesabu mwenyewe kama hiyo ni njia ya hela ya haraka.

Jua hadubini, narudia. Na kabla hujaingia kijiji cha watu chukua fomu ya ridhaa umsomee bibi yako kwa Kiswahili, akikuuliza maswali mawili ukakwama, baki kwanza nyumbani.