Panadol ya maji: chupa imebaki robo, je dozi imezidi?

SWALI: Habari mfamasia. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili, ana kilo 10. Ijumaa jioni alichemka nikanunua panadol ya maji, chupa ya mililita 100. Nampa kijiko kimoja kila homa ikipanda, na Jumamosi nilipokuwa kazini dada wa kazi naye alimpa. Anatumia pia dawa ya mafua, mililita 5 mara tatu kwa siku. Leo Jumapili jioni naona chupa imebaki robo. Ametapika mara moja na hataki kula, ila anacheza. Nimezidisha? Nimpe maziwa au nimtapishe? Mama, Morogoro.

JIBU: Pole sana mama. Jioni ileile nilikujibu kwa simu: mpeleke hospitali sasa hivi, na ubebe chupa zote mbili. Hapa naeleza sababu, kwa kuwa swali kama lako nalipata dirishani kila msimu wa mafua.

Hukuweza kukumbuka mmempa mara ngapi, na dada hakuandika. Basi tuiulize chupa. Zimetoka mililita 75. Kwenye karatasi yake imeandikwa miligramu 120 katika kila mililita 5, kwa hiyo mtoto amekunywa miligramu 1,800. Dawa ya mafua uliyonisomea nayo ina parasetamo, dawa ileile iliyo kwenye panadol, miligramu 125 kila mililita 5. Dozi sita ni 750. Jumla 2,550 kwa siku mbili. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa saa 24. Kwa kilo 10, mwisho ni miligramu 600 kwa siku, yaani 1,200 kwa siku mbili. Mmempa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Wengi wanadhani dozi kuzidi ni mtoto kuifungua chupa na kuinywa yote. Hiyo ipo, na mtoto akinywa kwa mkupuo miligramu 150 au zaidi kwa kila kilo, hiyo ni dharura. Ila iliyokukuta wewe ni ya kidogo kidogo, na ndiyo inayopita bila mtu kushtuka.

Kijiko nacho kina kesi ya kujibu. Niliwahi kuvipima vijiko vya jikoni kwangu kwa bomba la sindano: cha chai kimoja kilibeba mililita 3, kingine karibu 7. Cha kulia wali kilifika 12. Vyote nyumbani vinaitwa "kijiko".

Sasa kuhusu kucheza. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwa sababu lilitaka kukuchelewesha. Parasetamo husafishwa na ini. Sehemu ndogo yake hugeuka sumu humo humo, na ini huizima kwa akiba yake ya glutathioni, kemikali ya mwili wenyewe ya kuzima sumu. Dawa ikizidi akiba inakwisha, na mtoto asiyekula ana akiba ndogo tangu mwanzo. Saa 24 za kwanza anaweza asionyeshe lolote, au akatapika tu, jambo ambalo kila mzazi atalisingizia homa. Maumivu ya tumbo upande wa kulia na macho ya njano huja baadaye, ini likiwa limeshaumia.

Usimtapishe. Anaweza kupaliwa, na dawa ya tangu Ijumaa haipo tena tumboni. Maziwa hayaui sumu hii. Hospitali wana mkaa maalumu, unaofaa zaidi ndani ya saa moja baada ya kumeza (si mkaa wa jikoni, tafadhali, nimeshaulizwa), na ipo dawa ya kuizima sumu hii, asetilisisteini. Kwa aliyekunywa kwa mkupuo, dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8, na damu hupimwa saa 4 baada ya kumeza. Kwa mtoto wako aliyepewa mara nyingi, kipimo kimoja cha parasetamo hakitoshi. Watapima na ini.

Waambie pia wampime malaria. Homa ya siku mbili inayorudi kila dawa ikiisha nguvu inataka kujulikana chanzo chake, nasi wazazi tunaifukuza kwa kijiko.

Uliniuliza kwenye simu kama chupa iliyobaki uitupe. Usiitupe, ila usimpe tena mpaka daktari aruhusu. Akiruhusu, kwa kilo 10 chupa hiyo hiyo ni mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Duka la dawa lolote wanalo. Ukibadilisha chupa soma upya, kwa sababu zipo za miligramu 250 kwa mililita 5, na mililita zilezile zinakuwa dozi maradufu. Dawa ya mafua iache kabisa, kwa umri wake haihitaji. Panadol ya kuweka njia ya haja kubwa nayo ni parasetamo, ihesabu. Na bandika karatasi kwenye mlango wa friji: saa, kiasi, nani kampa. Dada naye aandike.