Barua kwa mwanangu: hela za makocha huko LSU

Baba, meseji yako nimeiona, umeuliza huyu Scott Woodward aliyeondoka LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana huko Marekani, Oktoba 2025 alikuwa mkurugenzi wa michezo mzuri au alikuwa anachezea hela tu, manake hapo Baton Rouge kazini kwenu kila mtu ana lake. Mi mpira wao ule wa kukumbatiana na kuangushana siuelewi sana, unanijua, ila mikataba nimeisoma maisha yangu yote, kwa hiyo nakujibu kihasibu.

Watu wote wanaanza na Brian Kelly, kocha wa mpira huo. Mwaka 2021 kapewa miaka 10, kama dola milioni 95, Oktoba 2025 kafungwa nyumbani 49 kwa 25 na chuo cha Texas A&M, kesho yake katimuliwa na chuo kikabaki na deni la kama milioni 54. Gavana wa Louisiana, Jeff Landry, akaja juu, akasema hadharani Woodward hatachagua kocha mwingine, siku chache baadae Woodward mwenyewe nae hayupo. Sasa kumchukua Kelly mi simlaumu, jamaa alikuwa anashinda sana kwenye chuo cha Notre Dame, nani angemkataa siku ile? Ninacholaumu ni kile kipengele cha kwamba ukimfukuza unamlipa asilimia 90 ya mshahara uliobaki. Akishinda anakula, akishindwa anakula, hasara yote ya chuo. Hicho kipengele kilikuwepo siku ya kusaini na kila mtu alikiona, hakikuja na kipigo.

Afu wanamrundikia na ya Texas A&M, alikokuwa mkurugenzi kabla ya LSU, eti zaidi ya milioni 75 alizolipwa kocha Jimbo Fisher ili aondoke 2023 ni kazi ya Woodward. Hapana bwana. Kweli yeye ndo alimleta mwishoni mwa 2017, miaka 10 kwa milioni 75, yote uhakika, na huo mkataba haukuwa mzuri hata kidogo. Lakini piga hesabu: ni 7.5 kwa mwaka, kufika mwisho wa 2023 imebaki miaka 4, hiyo ni milioni 30. Zingine zimetoka wapi? Zimetoka kwenye nyongeza ya 2021, walipousogeza mkataba mpaka 2031 na mshahara wakapandisha juu, na hapo Woodward alishahamia LSU toka 2019, kiti chake kakalia Ross Bjork. Nani alikuwa anamng'ang'ania Fisher kiasi hicho sijui, watu wakishinda msimu mmoja wanapagawa.

Majengo nayo. Vile vyumba vya wachezaji LSU walivyofungua 2019, ukarabati wa dola milioni 28, kila mtu na kabati lenye kiti cha kulalia huku maktaba inavuja, watu walikuwa na haki ya kukasirika. Ila zilikuwa hela za wafadhili na mradi Woodward kaukuta. Mi kwenye jengo huwa nauliza kitu kimoja, nani atalipa umeme na matengenezo wafadhili wakishakata utepe na kupiga picha zao? Na tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wenyewe, mwaka wa kwanza mpaka kama milioni 20.5, kwa hiyo marumaru za kuvutia vijana sasa zinagombania hela na vijana wenyewe.

Upande mwingine mtendee haki. Kim Mulkey alimleta yeye 2021, 2023 basketi ya wanawake wakabeba ubingwa. Jay Johnson wa besiboli, mwaka huohuo 2021, kabeba 2023 na 2025. Kwangu mi huyu mtu ana jicho la kocha, mkono wa kusaini ndo mbovu.

Sasa nafasi ya Kelly wamemchukua Lane Kiffin, miaka 7, kama milioni 13 kwa mwaka. Mkataba wa chuo cha serikali unapatikana, ukiupata nitumie ile kurasa ya kumfukuza tu, mshahara wake haunihusu.

Mama