Loji za Prince Hall hazikuwa feki

Hapana mkuu, unaposema loji (matawi ya Freemason) za watu weusi zinazoitwa Prince Hall ni feki, unakosea: Prince Hall mwenyewe na wenzake weusi wa Boston, Marekani, hawakujianzishia tu. Waliingizwa Ufreemason 1775 na loji ya wanajeshi iliyokuwa chini ya Freemason wa Ireland, alafu hati ya kibali cha loji yao, African Lodge namba 459, ilitolewa London kabisa na Grand Lodge (chama kikuu cha loji) ya England, imeandikwa tarehe 29 Septemba 1784 ila ikawafikia 1787. Mi nimeshasoma maneno ya hiyo hati, ni ileile waliyokuwa wanapewa wazungu. 1813 Grand Lodge ya England ikawafuta kwenye daftari lake la loji kwa sababu mawasiliano yalikatika, na loji za wazungu Marekani zikashikilia hapo kuwaita haramu, ubaguzi mtupu! Grand Lodge ya wazungu ya jimbo la Connecticut ndo ikawatambua 1989, ile ya London 1994, ila siyo kila jimbo lilifuata hapohapo.