Kabla hujatuma ile barua pepe

Ilikuwa yapata saa sita usiku nilipobonyeza kitufe cha kutuma, nikajiona shujaa. Barua pepe yangu ilikuwa na kurasa mbili, ilikwenda kwa watu zaidi ya 300, na ilieleza kwa nini mfumo tuliokuwa tumeutengeneza ulikuwa unawaumiza watu wasio na hatia. Asubuhi meneja wangu aliniita chemba. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Sasa ndugu yangu, ulikuwa unataka tufanye nini?"

Sikuwa na jibu. Hasira nilikuwa nayo, ushahidi pia, ila ombi sikuwa nalo.

Nilikuwa mwandishi wa programu katika kampuni kubwa ya teknolojia, zile ambazo hata mtoto mdogo anaijua nembo yake. Sitaitaja. Kwa upande mmoja ni uungwana, kwa upande mwingine ni ile karatasi niliyoitia saini siku ya kuondoka, ambayo nitaifikia. Mfumo wenyewe ulikuwa wa kunasa akaunti za matapeli na kuzifunga papo hapo, bila binadamu kuangalia. Nilipopitia matokeo ya majaribio niliona jambo linajirudia: watu wanaotumia simu moja kwa zamu, mume na mke, au ndugu wa nyumba moja, walikuwa wanafungiwa hovyo. Mfumo ulikuwa umejifunza kwamba akaunti nyingi ndani ya kifaa kimoja ni dalili ya utapeli. Mwenye simu mbili hilo halimgusi. Familia yenye simu moja inaamka asubuhi imefungiwa nje, na haina wa kumlilia.

Kabla ya ile barua nilikuwa nimepita njia ya kistaarabu: nilikwenda timu ya maadili, wale wa ndani ya kampuni wanaopima kama bidhaa inaweza kuwadhuru watu. Walinipokea vizuri mno. Dada aliyesimamia tathmini alilielewa tatizo ndani ya dakika kumi, kisha akaandika ripoti ya kurasa 11 ambayo mpaka leo naiona ni kazi safi kuliko yoyote niliyoisoma pale. Mfumo ukazinduliwa siku ileile iliyopangwa. Nilipomfuata nikiwa nimevimba, alinijibu kwa upole: "Kaka, sisi ni washauri. Tarehe ilipangwa kabla hatujaitwa."

Basi, ukiajiriwa kwenye kampuni yenye timu ya maadili, usianze kwa kusoma kanuni zilizobandikwa kwenye tovuti. Ulizia mambo ambayo hayaandikwi popote. Nani akisema hapana, bidhaa haitoki? Timu hii inaripoti kwa nani, na bosi huyo analipwa marupurupu kwa kuzindua au kwa kusubiri? Mara ya mwisho walisimamisha kitu ilikuwa lini, na kilikuwa kitu gani? Swali hilo la mwisho ndilo kipimo changu. Timu yenye meno itakutajia mfano bila kujikuna kichwa, hata kama itaficha jina la bidhaa. Isiyo na meno itaanza kukueleza dira na dhamira.

Usidhani walio kwenye timu hizo ni wanafiki. Wengi niliowajua walikuwa wanaamini kazi yao kuliko mimi nilivyoamini ya kwangu. Shida ni kwamba wanakaa kwenye kiti ambacho mwenye nyumba anaweza kukiondoa wakati wowote, na tumeona kikiondolewa mara nyingi. Timnit Gebru na Margaret Mitchell walikuwa wanaongoza pamoja timu ya maadili ya akili mnemba (AI) pale Google. Gebru akatoka Desemba 2020 katika mvutano juu ya makala ya kitaalamu kuhusu hatari za mifumo mikubwa ya lugha, ile inayoweza kuandika kama binadamu. Yeye anasema alifukuzwa, kampuni ikasema ilikubali kujiuzulu kwake. Miezi miwili baadaye Mitchell naye akafukuzwa. Twitter ilipobadilisha mmiliki mwaka 2022, timu yake ya maadili, iliyokuwa imethubutu kuchapisha hadharani kasoro za algoriti za kampuni yenyewe, ilivunjwa mwezi Novemba. Microsoft ilikuwa na timu ya maadili na jamii iliyofikia watu wapatao 30 mwaka 2020. Ilipunguzwa ikabaki na watu kama 7, na mwanzoni mwa 2023 ikafutwa kabisa, ingawa ofisi nyingine ya kusimamia matumizi ya akili mnemba ilibaki. Mwaka huohuo OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, iliahidi asilimia 20 ya nguvu zake za kompyuta kwa timu ya kuhakikisha mifumo yenye akili kupita binadamu haitudhuru. Mei 2024, haijapita hata miezi 12, timu hiyo haikuwepo tena.

Kuna walioshinda, na ushindi wao unafundisha zaidi. Mwaka 2018 wafanyakazi wa Google waligundua kwamba kampuni inaisaidia Wizara ya Ulinzi ya Marekani kuchambua picha za ndege zisizo na rubani, kazi iliyoitwa Project Maven. Waliandika barua, maelfu wakaitia saini, na baadhi wakaacha kazi. Kampuni ikatangaza haitauhuisha mkataba utakapoisha, kisha Juni mwaka huo ikatoa kanuni za akili mnemba zenye ahadi ya kutotengeneza silaha. Soma tena jinsi walivyofanya: ombi lao lilikuwa moja, linaeleweka kwa sentensi fupi, na lilihusu mkataba wenye tarehe ya kwisha. Bosi alipewa mlango wa kutokea. Barua yangu ya usiku wa manane haikuwa na mlango wala dirisha.

Lakini msilewe ushindi. Ile ahadi ya silaha iliondolewa kwenye kanuni Februari 2025. Na mwezi Aprili 2024, wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo walipoketi ndani ya ofisi za New York na Sunnyvale kupinga Project Nimbus, mkataba wa huduma za kompyuta za mtandaoni na serikali ya Israel, 28 walifukuzwa siku iliyofuata, wengine wakafuata siku chache baadaye. Kati ya 2018 na 2024 upepo umegeuka. Mwandishi wa programu aliyekuwa anabembelezwa abaki, sasa anajua kuna foleni nje ya mlango. Anayekushauri leo upambane kwa mbinu za 2018 anakupalia makaa.

Mimi nilinusurika ile barua kwa sababu moja: wenzangu watatu walinifuata pembeni. Mmoja alitoka huduma kwa wateja, mwingine timu ya takwimu, wa tatu alikuwa mhandisi mkongwe ambaye kila mtu alimheshimu na alikuwa karibu kustaafu (watafute watu wa namna hiyo, hawana cha kupoteza). Yule wa huduma kwa wateja alikuja na kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: hesabu ya malalamiko ya waliofungiwa kimakosa na saa ambazo timu yake ilipoteza kuyashughulikia. Nilikuwa nikizungumza lugha ya haki peke yake. Yeye alileta lugha ya gharama, na ghafla watu wakaanza kutusikiliza. Iliniudhi, nakiri. Nilitaka wasikilize kwa sababu ni vibaya kumfungia mtu asiye na kosa, si kwa sababu simu zinalia.

Tukaandika upya. Ukurasa mmoja, majina manne, ombi moja: kabla akaunti haijafungwa moja kwa moja, iwepo rufaa inayosomwa na binadamu. Hatukuomba mfumo usitishwe. Yule dada wa timu ya maadili akauambatanisha ukurasa huo na ripoti yake, na hapo ndipo nilipoona timu kama ile inafaa kwa nini: haikuweza kusimamisha kitu, lakini iliweza kufanya hoja yetu iwe na namba ya kumbukumbu ambayo mkurugenzi hawezi kusema hakuiona. Tulipata rufaa kwa baadhi ya akaunti. Ombi zima hatukulipata.

Kuungana kuna faida nyingine, ya kisheria. Nchini Marekani, sheria ya mahusiano kazini ya 1935 inawalinda wafanyakazi wanaochukua hatua kwa pamoja kuhusu mazingira yao ya kazi, hata kama hawana chama. Anayelalamika peke yake, kwa jambo linalomhusu yeye tu, hana kinga hiyo. Ila kuna mipaka miwili ambayo watu huigundua wakiwa wameshaungua. Wasimamizi hawamo ndani ya kinga hiyo. Na kupinga namna bidhaa inavyotumiwa na mteja si lazima kuhesabike kuwa ni mazingira ya kazi. Emily Cunningham na Maren Costa walifukuzwa na Amazon Aprili 2020 baada ya kuibana kampuni kuhusu tabianchi na hali ya wafanyakazi wa maghala. Shauri lao liliisha kwa mapatano Septemba 2021. Walishinda, naam, baada ya karibu mwaka na nusu. Jiulize akiba yako inakufikisha wapi.

Kuhusu nyaraka, nitasema kwa ukali kidogo. Usijitumie mafaili ya kampuni kwenye barua pepe yako binafsi. Usiyapakie popote. Kompyuta ya kazi inaona kila kitu, na siku wakitaka kukuondoa hawatasema ni kwa sababu ulipinga. Watasema ulikiuka usalama wa taarifa, na watakuwa na ushahidi. Weka shajara nyumbani, kwa maneno yako: tarehe, nani alisema nini, nani alikuwepo, bila kunakili siri yoyote. Kikao kikiisha, tuma ujumbe mfupi wa kazini: "Nimeelewa kwamba tumekubaliana hivi." Asiyejibu atapata tabu kukanusha baadaye. Usiandikie mate wakati wino ungalipo.

Na kama ulichokiona ni kuvunja sheria kabisa, hapo timu ya maadili siyo mlango wako. Tafuta mwanasheria kwanza, kabla ya mwandishi wa habari. Frances Haugen, aliyefichua nyaraka za Facebook mwaka 2021, alikuwa na wanasheria na alipeleka malalamiko kwa SEC, mamlaka ya Marekani inayosimamia soko la hisa, ambayo kanuni zake zinakataza kampuni kumzuia mtu kuripoti kwake hata kama ametia saini mkataba wa usiri. Umoja wa Ulaya nao una agizo la 2019 linalozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea ziwe na njia ya ndani ya kutoa taarifa, zithibitishe kuipokea ndani ya siku 7 na zitoe mrejesho ndani ya miezi 3.

Sasa ile karatasi. Tathmini yangu ya mwaka uliofuata ilishuka; niliambiwa "si mtu wa timu". Ningeweza kubisha. Nilichoka. Siku ya mwisho niliwekewa mezani mkataba wa kuondoka, wenye fedha nzuri na sharti la kutoisema vibaya kampuni, nikausaini palepale kwa kalamu waliyonipa. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko ile barua. Ningeweza kuomba muda. California, sheria iliyoanza kutumika Januari 2022, iliyopiganiwa na Ifeoma Ozoma aliyewahi kufanya kazi kwenye mtandao wa picha wa Pinterest, inamtaka mwajiri akuambie unayo haki ya kumwona mwanasheria na akupe angalau siku 5 za kazi. Hata pasipo na sheria kama hiyo, hakuna anayekukataza kusema "naomba nikausome nyumbani". Daniel Kokotajlo alipoondoka OpenAI mwaka 2024 alikataa kusaini ahadi ya namna hiyo akijua hisa zake zinaweza kupotea. Kelele zilipozuka, kampuni ikawaondolea sharti hilo waliokuwa wameshaondoka. Si kila mtu ana kifua hicho. Mimi sikuwa nacho.

Juzi kijana niliyewahi kumfundisha kazi alinipigia. Ameitwa kwenye usaili wa timu ya maadili, kampuni nyingine, mshahara mnono. Nikamwambia, "Mdogo wangu, waulize mara ya mwisho walisimamisha nini." Akaniletea jibu jioni: walitazamana, mmoja akacheka kidogo, kisha wakamwonyesha picha ya mchoro wenye duara tatu. Kazi ameichukua. Ana mtoto mchanga na kodi ya nyumba, na nilichomwomba ni kwamba mkataba wake auhifadhi mahali atakapoupata upesi.