Maswali ya Wasomaji: Nani Atakayepiga Simu Usiku wa Sherehe?

Barua tatu tulizopokea zinahusu sherehe za fraterniti na sororiti, yaani vyama vya udugu vya wanafunzi wa kiume na vya wanafunzi wa kike katika vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo vingi hujiita kwa herufi za Kigiriki. Tumeona ni vyema zijibiwe pamoja.

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Binti yetu yuko mwaka wa pili chuoni Marekani na ametuarifu kwamba amejiunga na sororiti. Baba yake anataka ajitoe mara moja, kwa kuwa amesikia habari za wanafunzi kufia katika karamu zao. Je, hofu hiyo ina msingi? Na sisi tulio mbali tumuulize nini? *Mama, Mombasa*

JIBU: Mama, hofu ya baba watoto ina msingi, lakini hatari yenyewe mara nyingi haiko pale wazazi wanapoitafuta. Sororiti zilizo chini ya muungano uitwao National Panhellenic Conference kwa kawaida haziruhusu pombe kabisa katika nyumba zao. Hilo ni jema, ila matokeo yake ni kwamba wasichana wanaotaka karamu huenda kwenye nyumba za fraterniti, na huko mlango, vinywaji, ngazi za kupanda vyumbani na mara nyingine hata gari la kuwarudisha viko mikononi mwa wavulana wenyeji. Binti aliyelewa katika nyumba ambayo hana sauti ndani yake yuko hatarini zaidi kuliko binti aliye katika ukumbi wa hoteli, ambako mhudumu mwenye leseni ndiye anayemimina vinywaji na anaweza kumkatalia mtu aliyekwisha kuzidiwa.

Kwa hiyo msimwulize kama anakunywa. Atawajibu mnachotaka kusikia. Mwulizeni sherehe hufanyika wapi, nani humimina vinywaji, wanaokwenda pamoja huondoka pamoja au kila mmoja kivyake, na ni nani miongoni mwao anayebaki bila kunywa usiku huo. Akiweza kujibu bila kusitasita, chama chake kina utaratibu. Akishangaa hata swali lenyewe, hapo pana kazi ya kufanya, nami ningependa mwifanye pamoja naye badala ya kumwamuru ajitoe, kwa sababu msichana anayeogopa nyumbani hapigi simu nyumbani anapopata matatizo.

Kama chama chake ni kimojawapo cha vile tisa vya asili ya Wamarekani Weusi, mfano Alpha Kappa Alpha iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, ongezeni swali la jinsi wanachama wapya wanavyopokewa. Vyama hivyo vilikomesha rasmi kipindi cha majaribio mwaka 1990 kwa sababu ya mateso yaliyokuwa yakifanyika humo, lakini yapo matawi ambako mateso yaliendelea kwa siri.

SWALI: Shikamoo, Mshauri. Nilikulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa ninasoma Ohio. Tawi letu la fraterniti limenichagua kuwa msimamizi wa usalama wa sherehe. Nimekabidhiwa fomu na kanuni kurasa nyingi, na wenzangu wanasema nizijaze tu ili chuo kiridhike. Nianzie wapi? *Mwanafunzi, Ohio*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kusoma jinsi wenzako walivyokufa, kwa maana nyuma ya kanuni nyingi za fomu hiyo kuna kifo au kesi mahakamani.

Mnamo Februari 2017, katika nyumba ya fraterniti ya Beta Theta Pi pale Penn State, chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, kijana wa miaka 19 aitwaye Timothy Piazza alinyweshwa pombe nyingi kwa muda mfupi usiku wa kupokewa wanachama wapya, akaanguka kwenye ngazi za chini ya nyumba. Wenzake walimwona. Kamera za nyumba hiyo zilirekodi usiku mzima. Simu ya kuomba msaada ilipigwa asubuhi ya pili, baada ya muda wa karibu saa 12 tangu aanguke, naye akafariki. Nyumba hiyo, kwa maandishi, ilikuwa haina pombe. Nakuomba ulikumbuke hilo kila wenzako wanapokwambia ujaze fomu tu. Mwaka 2018 jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria kali yenye jina la kijana huyo. Hapo kwenu Ohio, Machi 2021, mwanafunzi wa miaka 20 wa chuo kikuu cha Bowling Green alifariki baada ya usiku ambao wanachama wapya walipewa chupa za pombe kali wazimalize, na mwaka huohuo sheria ya Ohio ikafanya kosa la kumlazimisha mtu kunywa hadi adhurike vibaya kuwa jinai nzito.

Fanya hesabu uone kwa nini chupa moja huua. Kipimo kimoja cha pombe kwa kawaida ya Marekani ni bia ya mililita 355 yenye nguvu ya asilimia 5, au mililita 44 tu za pombe kali ya asilimia 40. Chupa ya mililita 750 ina vipimo kama 17, na ini la mtu huondoa takriban kipimo kimoja kwa saa. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala maji baridi. Aidha pombe iliyokwisha kumezwa huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kulala, na ndiyo maana yule anayeonekana amepumzika kwenye kochi anaweza kuwa anazidi kuzama.

Ukishaielewa hesabu hiyo, utaelewa pia kwa nini muungano wa fraterniti uliamua mwaka 2018 kwamba pombe inayozidi asilimia 15 isiwepo katika nyumba na sherehe za wanachama wake, isipokuwa ikiuzwa na mfanyabiashara wa nje mwenye leseni. Utaelewa vilevile marufuku ya pipa la bia na ya ndoo ya mchanganyiko ambao hakuna ajuaye kilichotiwa ndani yake: mtu hawezi kuhesabu anachokunywa kutoka kwenye ndoo. Kwa maoni yangu, ukishindwa kutekeleza mengine yote kwa ukamilifu, hili la pombe kali usilegeze hata kidogo.

Baada ya hapo nenda mlangoni. Pawe na mlango mmoja wa kuingilia, orodha ya wageni iliyofungwa kabla ya siku ya sherehe, na kitambulisho kikaguliwe, kwani umri wa kisheria wa kunywa nchini humo ni miaka 21, na wengi wa wageni wenu hawajaufikisha. Wenye umri huo wavalishwe utepe wa mkononi. Heri kuwalipa mabaunsa wa nje kuliko kumweka mlangoni mwanachama wa mwaka wa kwanza, ambaye hatathubutu kumzuia kaka wa mwaka wa nne aliyekuja na marafiki ishirini. Milango mingine ifungike kwa watu wa nje, lakini ifunguke kwa ndani bila ufunguo. Mwaka 1996 moto uliua wanafunzi watano katika nyumba ya fraterniti mjini Chapel Hill, North Carolina, siku ya mahafali, na mji ukazitaka nyumba za namna hiyo ziwekewe vinyunyizio vya maji vya dari.

Jambo zito kuliko yote ni waangalizi wasiokunywa. Wasiwe wanachama wapya, maana mdogo hawezi kumwamuru mkubwa; wawe watu wenye cheo katika tawi, wavae kitu cha kuwatambulisha, nao wagawane nyumba: mmoja mlangoni, mmoja kwenye vinywaji, mmoja ngazini na vyumbani. Wakubaliane mapema, tena mbele ya mkutano wa tawi zima, kwamba yeyote kati yao anaweza kufunga sherehe au kupiga 911, namba ya dharura ya Marekani, bila kumwomba mtu ruhusa, hata mwenyekiti. Pale Penn State watu hawakukosekana. Aliyekosekana ni mtu ambaye alijua kwamba uamuzi ni wake.

Chakula cha kutosha, maji, na usafiri wa kurudi sihitaji kukueleza. Kuhusu bima, waeleze wenzako wazi kwamba ya tawi inaweza kukataa kulipa iwapo kanuni zilivunjwa, na hapo mwanachama hushtakiwa yeye binafsi, pengine pamoja na mali ya wazazi wake kuguswa na gharama za mawakili.

SWALI: Mimi si raia, niko kwa viza ya mwanafunzi, na sijafikisha miaka 21. Mwenzangu akizidiwa na pombe, nikipiga 911 si nitakuwa nimejitia matatani mwenyewe? *Msomaji, Minnesota*

JIBU: Piga. Kuomba msaada kwa ajili ya mtu anayekufa si kosa. Majimbo mengi na vyuo vingi vina kanuni za kumlinda anayepiga simu dhidi ya adhabu ya kunywa chini ya umri, lakini hutofautiana, kwa hiyo zisome za kwenu wiki hii, kabla hujazihitaji. Linaloweza kweli kukufutia viza ni kukamatwa ukiendesha gari umelewa. Basi usimpeleke mgonjwa hospitali kwa gari ikiwa wewe mwenyewe umekunywa.

Usisubiri dalili zote zionekane. Asipoamka unapomwita na kumtikisa, akitapika huku hajitambui, akipumua chini ya mara nane kwa dakika au kwa kuachia sekunde kumi na zaidi kati ya pumzi na pumzi, midomo au ngozi ikigeuka ya kibuluu au kupauka, hiyo ni dharura. Taja kwanza anwani kamili na ghorofa. Mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe koo, usimpe kahawa wala chakula, usimwache peke yake ukidhani usingizi utamponya. Mtume mtu mmoja barabarani akalielekeze gari la wagonjwa, na wahudumu wakifika waambie bila kuficha alikunywa nini, kiasi gani, kuanzia saa ngapi, na kama alimeza dawa yoyote.