Jibu: Kingaradi ya nyumba ya Shela. Usikubali athi mbili zisizoshikana

Simamisha kazi. Mpigie fundi sasa hivi umwambie Jumamosi asije, kisha urudi usome hapa.

Umeuliza mlingoti uwe na urefu gani, ncha iwe kali au butu, na kama ni kweli, alivyokushauri fundi, kwamba chuma cha athi cha kingaradi, yaani kile kinachoupeleka umeme ardhini, kizikwe upande wa pili wa nyumba, kisigusane kabisa na athi ya stima, "ili radi isiingie ndani". Hilo la mwisho ndilo lililofanya chai yangu ipoe mezani. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Malindi, na nikayalipia.

Fundi wangu aliteremsha ukanda wa shaba ukutani, vizuri kabisa, akazika chuma chake chini ya mwarobaini. Athi ya stima iko upande wa barabarani, chini ya mita. Shubiri moja kutoka kwenye ule ukanda, ndani ya ukuta, linapita bomba la chuma la pampu ya kisima. Nikamuuliza, na hili bomba je? Akasema, "Hilo la maji, hii ya radi. Havihusiani."

Masika ya 2022, mwezi wa Ramadhani, saa tisa usiku. Mama alikuwa ametoka kufunga mfereji wa jikoni, ndoo ya maji ya daku iko mkononi. Radi ikapiga ile kingaradi barabara, kama ilivyotakiwa, kisha ikaacha ukanda wa shaba ikarukia bomba. Asubuhi nilikuta lipu imebanduka usawa wa goti, na tundu la kuingia kidole cha shahada, kingo nyeusi, tumbawe la ndani limekuwa unga. Pampu ilikufa, friji ikafa, na soketi ya jikoni ilichomoka ukutani ikabaki inaning'inia kwa waya mmoja. Shilingi 214,000, na samaki waliooza sijawahesabu. Lakini pesa si kitu. Kila nikiuona ule mfereji naukumbuka mkono wa mama.

Sasa sikiliza kwa nini. Chuma ni kipitishi, chaji zilizomo ndani yake zinatembea zitakavyo. Chaji za namna moja hukimbiana, kwa hivyo husukumana mpaka zikakaa kwenye ngozi ya nje, na zikishatulia, ndani ya chuma hicho hakubaki uga wa umeme, yaani nguvu ya kuzisukuma chaji, hata chembe. Kipande chote kinakuwa na volti moja. Mwaka 1836 mwanasayansi Faraday, kule London, alitengeneza chumba akakizungushia chuma, kikachajiwa kwa nguvu, naye akaingia ndani na vipimo vyake. Havikuonyesha kitu. Hakukuwa na pengo ndani la umeme kuruka.

Pengo ndilo linaloua. Radi ya kawaida hubeba kama ampea 30,000. Athi yangu ilipokuja kupimwa ilikuwa na ukinzani wa omu 40, maana mwamba wa matumbawe hupitisha umeme kwa shida, na mchanga wako mkavu wa Shela nao hivyo hivyo. Zidisha: volti 1,200,000 juu ya ule ukanda, na bomba lililo shubiri moja pembeni liko karibu na sifuri. Hewa hukatika kwenye volti kama milioni 3 kwa mita, yaani shubiri moja haifiki hata laki saba. Ingeachaje kuruka? Lakini bomba lingefungwa kwenye ukanda, vyote vingepanda pamoja, na katikati pasingekuwa na la kurukia.

Yule fundi alichukua pesa yangu akanifundisha kinyume cha hili, kwa uso mkavu. Kutenganisha ndiko kulikoiingiza radi ndani. Mtu asiyejua hilo asipande paa la mtu.

Basi kila chuma kishikane. Athi ya kingaradi na athi ya stima ziunganishwe, kwa waya wa shaba usiopungua milimita mraba 16, uliobanwa kwa klempu, si kuzungushiwa kwa koleo. Bomba la pampu, fremu ya tangi, nondo za zege zikifikika, mabati, vyote humo. Nyaya za stima zenyewe huwezi kuzifunga kwenye athi, kwa hivyo kwenye boksi la mita aweke kifaa cha kuzuia volti za ghafla. Akikwambia hakihitajiki, tafuta fundi mwingine.

Na kabla hajapiga lipu, mwambie akuonyeshe kila kiungo. Kishike kwa mkono, ukitikise. Kikicheza, afungue aanze upya. Bomba lako la kisima linapita wapi? Niandikie hapa leo, kabla hujampa ruhusa ya kuja.