Saa Imepanda, Biti Hazijaongezeka

Swali: Natengeneza kisimbuzi cha LDPC (aina ya msimbo wa kusahihisha makosa ya mawasiliano) kwenye FPGA (chipu ambayo mtumiaji huipanga mwenyewe), kwa ule msimbo wa Wi-Fi wenye biti 1944, nusu data na nusu ukaguzi. Kinapitia tabaka (kundi la milinganyo ya ukaguzi) moja baada ya jingine, mizunguko 10 kwa kila fremu. Saa ilipokuwa megahezi 200 nilipata megabiti 135 kwa sekunde. Nikaikata hesabu vipande vidogo zaidi, paipulaini (mnyororo wa hatua ambazo hesabu hupitia, pigo moja la saa kwa hatua) ikatoka hatua 8 hadi 16, saa ikafika megahezi 300. Nilitarajia megabiti 200 na ushei; nimepata 152. Mwenzangu ananishauri nipunguze mizunguko iwe 4. Nimekosea wapi?

Jibu: Umekosea pale wanapokosea karibu wote wanaoniuliza kuhusu visimbuzi: umekichukulia kisimbuzi kama mashine ya kukokotoa. LDPC haina hesabu ngumu. Nodi ya ukaguzi, yaani sehemu inayoshughulikia mlinganyo mmoja, inatafuta namba mbili ndogo kuliko zote na kuzidisha alama za chanya na hasi, basi. Kazi nzito ni kuuchukua ujumbe, yaani makadirio ya biti, kuuzungusha, kuufikisha na kuurudisha kwa wakati. Kwa hiyo kabla ya kugusa saa, hesabu mapigo yake.

Matriksi ya msimbo huo ina matabaka 12, kila moja na vipande 7 au 8 vya biti 81. Kwa namba ulizonipa, kila tabaka linakula mapigo 8 ya kusoma, 8 ya kusubiri paipulaini na 8 ya kuandika, jumla 24. Zidisha kwa matabaka 12 na mizunguko 10, fremu moja ni mapigo 2880. Biti 1944 kwa mapigo 2880, saa ya megahezi 200: hizo ndizo 135 zako. Ulipoongeza hatua 8, tabaka likawa mapigo 32 na fremu 3840. Saa umeipandisha kwa nusu, lakini safari umeirefusha kwa theluthi.

Wala huwezi kulianzisha tabaka la pili kabla la kwanza halijaandika. Yanashirikiana safu wima za matriksi, yaani biti zilezile, na faida yote ya kwenda kwa matabaka, ile inayokuwezesha kumaliza kwa takriban nusu ya mizunguko ya njia ya kizamani ya kurekebisha yote kwa pamoja, inatokana na kusoma thamani iliyokwisha kurekebishwa. Ukisoma mapema, unasoma ya jana.

Lakini angalia mlango wa kusomea kumbukumbu: katika mapigo 24 unafanya kazi 8 na kulala 16. Waingize wageni wengine hapo. Fremu A ikimaliza kusoma, B isome, kisha C. C inapomaliza, A imekwisha kuandika na tabaka lake linalofuata liko tayari. Kwa saa ileile ya megahezi 200 na mizunguko ileile 10, unapata megabiti 405. Kumbukumbu itahitajika mara tatu, ila bloku za kumbukumbu za FPGA zina kina cha mamia ya mistari na wewe unatumia mistari 24, kwa hiyo nafasi kubwa unayo tayari. Kasoro yake ni kwamba fremu moja haitoki mapema kuliko mwanzo. Kama unabanwa na ucheleweshaji, itakubidi upange upya matabaka na vipande ili safu wima zinazogongana zisomwe mwisho. Ni kazi ya subira na haizibi mapengo yote.

Anayedhani kasi ni saa atazame chipu waliyoichapisha Blanksby na Howland mwaka 2002. Msimbo wa biti 1024, mizunguko 64, gigabiti 1 kwa sekunde, na saa ya megahezi 64 tu! Waliweka nodi zote sambamba, kila ujumbe na waya wake. Kilichowabana kilikuwa nyaya: mantiki ilijaza karibu nusu tu ya eneo, kwingine kukaachiwa waya zipite.

Sasa huo ushauri wa mizunguko 4. Ndiyo, kwa saa yako ya megahezi 300, kwenye karatasi utaandika megabiti 380. Utakuwa umeilipia kasi hiyo kwa uwezo wa kusahihisha makosa, na uwezo huo ndio sababu ya kisimbuzi kuwepo. Fremu rahisi zitapita. Zilizochafuliwa na kelele, zile hasa zilizohitaji msaada, zitaanguka. Kusimama mapema milinganyo yote ya ukaguzi inapotimia ni jambo jema, linaokoa umeme. Kuzisimamisha fremu zote kwenye 4 hata kama milinganyo haijatimia ni kukata tamaa mapema.

Namba za namna hii zimejaa kila mahali na zinaniudhi. Mtu anatangaza kasi bila kutaja mizunguko wala kiwango cha kelele. Anahesabu na biti za ukaguzi (hata 135 zako ni hivyo, data halisi ni nusu yake). Anapima makosa hadi moja kwa laki na kusimama, ilhali ujumbe wenye biti chache mno hufika ukomo wa namba zake na kuanza kuonyesha udhaifu chini ya hapo, pale makosa yanapokataa kupungua hata kelele ikipungua.

Kibaya kuliko vyote ni kupima kwa fremu za sufuri tupu. Niliwahi kukabidhiwa kisimbuzi cha kununua kilichokuja na michoro ya matokeo ya kupendeza. Tulipokipa data halisi hakikusahihisha hata fremu moja. Kizungushi, sehemu inayozungusha vipande, kilikuwa kinakosea hatua moja kwenye vipande viwili. Kwenye sufuri tupu kosa hilo halionekani kamwe, kwa kuwa sufuri hutimiza kila mlinganyo wa ukaguzi, uzungushwe sawasawa au kombo. Waliokiuza walikuwa wamepima msimbo mwingine kabisa bila kujua, na sisi tulipoteza wiki tatu tukitafuta kosa kwenye antena.

Kwa hiyo rudi kwenye megahezi 200, ingiza fremu tatu, na kila moja ibebe data ya nasibu iliyosimbwa kwa programu uliyoiandika kando, isiyotumia jedwali lilelile la hatua za kuzungusha vipande lililomo kwenye kisimbuzi chako.